Mninga wa Mzee Benjamini

Agnesi alipoinuka kwenda kupiga magoti mbele ya askofu, kwaya iliendelea kuimba lakini wanawake wa safu za nyuma walinyamaza. Gauni lake jeupe, ambalo mama yake alilihangaikia Mchikichini wiki nzima mpaka akapata moja lisilo na kiraka, lilikuwa na doa jekundu nyuma, pana kama kiganja cha mtu mzima. Msichana mwenyewe hakujua. Alitembea taratibu, mikono kifuani kama walivyofundishwa, mrefu kuliko wenzake wote, na kadiri alivyosogea mbele ndivyo safu nyingine ya watu ilivyopata zamu ya kuliona.

Hakufika mbali. Mama mmoja alichomoka kwenye benchi, akavua khanga yake ya mabegani, akamfunga kiunoni na kumnong'oneza kitu sikioni. Agnesi akageuza shingo, akajitazama, akajishika nyuma ya gauni kwa mkono mmoja. Wavulana watatu aliokuwa amekaa nao benchi la mwisho, wote na suruali zao nyeusi, walitazamana wakachekea puani. Alipakwa mafuta ya kipaimara akiwa amefungwa khanga yenye picha za korosho, machozi yakimtiririka, na askofu, mtu mwema, akadhani ni machozi ya kuguswa na Roho Mtakatifu.

Upande wa wanaume alikuwa amekaa baba yake, Pius, fundi seremala wa Gerezani. Aliliona doa lile mapema kuliko wengi na akalijua palepale, kwani halikuwa damu ya mtu. Ilikuwa rangi ya mikeka, ile ya unga wanayotilia ukili, inayouzwa kwa vipakiti sokoni Kariakoo, na aliyeichemsha na kulipaka benchi lile ni yeye. Kucha zake zilikuwa bado na wekundu kwenye mizizi hata baada ya kuzisugua kwa mchanga. Angeweza kusimama. Angeweza kusema, "Jamani, ni benchi hilo," na mwanawe angeendelea mbele kichwa juu. Badala yake alikunja ngumi kuzificha kucha, akatazama sakafu.

"Hongera, Baba Agnesi," jirani yake akamnong'oneza. "Binti amekua."

"Ahsante," Pius akajibu. Ndiyo, alijibu ahsante.

*

Kwa watu wa kusini mambo haya hayangoji kesho. Kabla wali wa sherehe haujapakuliwa, Victoria, dada mkubwa wa Pius, alikuwa ameshaitwaa nyumba yote ya Mtaa wa Mahiwa, vyumba viwili walivyopanga na ukumbi wa wapangaji wenzao pia. Alikuwa mwanamke mnene wa mwili na wa sauti, na tangu ahamie Ilala alikuwa akilalamika kwamba watoto wa kike wa mjini wanaota kama magugu, hawana wa kuwafunda. Leo Mungu alimpa mmoja wa kwake, na hakuwa tayari kumwachia mtu.

Agnesi aliingizwa chumba cha ndani, akakalishwa mkekani, akafunikwa khanga kichwani.

"Shangazi, si mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Sijaona kitu. Haki ya Mungu."

"Mwali gani akakubali siku ya kwanza?" Victoria akacheka. "Hata mimi nilikataa. Nilimwambia somo yangu nimekalia nyanya!"

Wanawake wakaangua kicheko. Gauni na shimizi alivifua Victoria mwenyewe, uani, nyuma ya choo, maana kwa desturi nguo ile haionyeshwi watu. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili mekundu, ya tatu vilevile. Mtu mwingine angejiuliza. Victoria alitikisa kichwa kwa fahari, akamwambia wifi yake Evarista, mama wa mtoto, kwamba damu ya ukoo wao ni nzito, haisikii sabuni.

Kisha akamwita Pius uani, mikono yake bado ina povu.

"Mtoto anakaa ndani mwezi mzima. Nitakuja kila siku kumfunda."

"Na shule, dada? Jumatano anaondoka kwenda Morogoro."

"Shule ina miguu? Itamkuta hukohuko ilipo. Sasa wewe kalete kuku wa mwali. Na usimsemeshe mtoto mpaka nikuruhusu. Baba hamsemeshi mwali."

Pius alisimama akilitazama beseni. Maji yalikuwa na wekundu wa kung'aa, wekundu wa mikeka ya sikukuu, na ni yeye peke yake uani pale aliyejua. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa.

"Dada..."

"Nini?"

"Kuku wa rangi gani?"

"Mweupe, Pius! Umesahau hata kwenu?"

*

Tangu biashara iwe ruksa, Kariakoo ilikuwa haina Jumapili. Vijana walitandaza bidhaa mpaka katikati ya njia, redio za Dubai, sabuni za nje, kandambili za kila rangi, na mpita njia alilazimika kuruka kama anayevuka matope. Pius alipita ameinamisha kichwa. Mtu mwenye jambo lake huona kila jicho linamtazama, kumbe wenzake wanatazama bei.

Mmoja alimtazama kweli. Bushiri, mzee wa kibanda cha ukili na rangi, alimpungia mkono. "Fundi! Leo hutaki? Yule binti yako alinimalizia nyekundu yote, nikasema mama yake kafungua kiwanda cha mikeka!"

Pius alicheka kicheko kisicho na meno, akapita haraka. Kiwanda alikuwa nacho, tatizo hakikuwa cha mikeka.

Mbao zilizokusudiwa kwa mabenchi mapya ya kanisa zilikuwa za Mzee Benjamini. Mzee huyo alistaafu bandarini, akafiwa na mkewe, na baada ya arobaini akaagiza mninga mkubwa uliokuwa kwenye shamba la marehemu kule Nachingwea ukatwe, upasuliwe, upakiwe lori uletwe mjini. Alitaka kanisa zima likalie kitu cha mama yule. Mbao zikawekwa kwa Pius zikauke, na mwaka mzima zilikaa kivulini nyuma ya karakana, zimepangwa vizuri na vijiti katikati ili hewa ipite.

Na Pius alizipenda. Yeye alikuwa mtu wa kupenda mbao kama wengine wanavyopenda mpira. Aliujua mvule, ambao ukipasuliwa huwa wa manjano na ukikaa hewani hugeuka kahawia. Aliujua mkongo na wekundu wake wa tofali. Aliujua mpingo, mweusi ndani, na ganda lake jeupe kama siagi. Lakini mninga ndio uliomtoa maneno mdomoni. Ulikuwa na dhahabu, na ndani ya dhahabu mistari ya zambarau na wekundu, na hakuna mbao mbili zilizofanana. Alikuwa akizimwagia maji kidogo wageni wakija, rangi ikaamka, naye akasimama pembeni akitabasamu kana kwamba aliupanda mti ule yeye.

Kisha Agnesi akamaliza darasa la saba na jina lake halikutoka. Shule za serikali zilikuwa chache, na za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila kona kwa mwenye ada. Pius hakuwa na ada. Wiki hiyohiyo akapita Narendra, mwenye duka la samani karibu na Mnazi Mmoja, akitafuta mninga mkavu, maana wanunuzi wa nje walikuwa wanauchukua kwa makontena. Aliipapasa mbao moja kwa kiganja.

"Fundi, kavu hivi siku hizi hakuna. Hii unauza?"

Narendra alilipa bei ya haki, na hana kosa katika hadithi hii. Pius alijiambia atanunua nyingine kabla ya kipaimara. Kila mwizi hujiambia hivyo. Mninga ukapanda bei, na mkavu wote ukaishia bandarini, naye akabaki na ahadi ya mabenchi na mbao za msindano, nyeupe, laini, zenye vifundo kila mahali. Vifundo akavijaza unga wa randa uliochanganywa na gundi. Weupe akauzika kwa rangi nyekundu ya mikeka yenye chembe ya nyeusi, kisha juu akapaka vanishi aliyoizimua mpaka ikawa nyepesi kama chai ya hoteli. Siku ya kuyapeleka kanisani aliwapanga vijana wanne kwenye kila benchi, ingawa wawili wangelibeba huku wanapiga stori, akawa anawaamuru kwa sauti: "Inueni vizuri, mninga huo!"

Mabenchi ya mbele yalipata muda wa kukauka. La mwisho lilimalizwa Alhamisi, baada ya watoto wa kipaimara kuongezeka, na vanishi yake ilikuwa bado inanata. Hakuna mtu wa pwani asiyejua kwamba mkeka mpya haukaliwi kwa nguo nyeupe. Pius alijua. Aliomba tu isinyeshe, na watu wasitoke jasho, katika Dar es Salaam hii.

Kwenye vizimba vya kuku alichagua jike jeupe, akaanza kulipa bila hata kubishana bei. Muuzaji akashtuka.

"Mzee, kuku wa mchuzi au wa shughuli?"

"Wa shughuli."

"Mweupe, jike..." Kijana akamtazama usoni, akaelewa, akapiga kofi kwa furaha. "Una mwali nyumbani! Jamani, baba mwali huyu hapa! Hongera mzee wangu! Chukua, nakupunguzia. Huyu halipi sawa na watu wa mchuzi!"

Wauzaji wa jirani wakampongeza, mmoja akampa mkono. Pius akapokea pongezi zote na punguzo pia, akarudi nyumbani na kuku kwapani, uso ukimwaka kama aliyezabwa kibao.

*

Evarista alimpokea mumewe mlangoni. Alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi, lakini leo macho yake yalikuwa na maji na midomo inacheka.

"Baba Agnesi, nimemkumbuka mama leo. Nilikuwa naogopa, unajua? Mji huu, watoto wa wenzetu wanavyoharibika. Nikasema wangu atakua lini salama." Akampapasa kuku mgongoni. "Analia tu huko ndani. Hataki hata wali. Wifi anasema ndivyo walivyo."

"Mama Agnesi, kuna jambo."

"Sema."

Kuku akapiga kelele, akatupa mabawa. Pius akamkaza miguu.

"Nimepunguziwa bei," akasema.

Alikuwa anajichukia. Lakini mtu anaweza kujichukia na bado akaendelea kunyamaza, wala kimoja hakizuii kingine.

Ndipo ikasikika hodi, na Mzee Benjamini akaingia amevaa suti yake ya rangi ya maziwa, ile anayoivaa Pasaka na misibani. Watu walisimama kumpisha. Viti havikutosha, kama ilivyo kawaida ya nyumba za maseremala, lakini kimoja kikapatikana na mzee akakikataa.

"Shikamoo, mzee," Pius akaamkia.

"Marahaba, fundi. Sikai. Nimekuja kuwaonyesha kitu." Akageuka taratibu, akawapa mgongo wanawake wote waliojaa chumbani. Makalio ya suruali yake yalikuwa mekundu, doa la kiganja cha mtu mzima.

Mzee akageuza uso.

"Haya, vigelegele vyangu viko wapi? Au mwali ni mmoja tu?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, kisha wakanyamaza ghafla walipoanza kuelewa. Victoria alishika mdomo.

"Baada ya misa nilikaa benchi lile la mwisho," Mzee Benjamini akasema, sasa bila mzaha. "Nilitaka kuzungumza kidogo na marehemu. Nilipoinuka, nikajiona hivi. Nikasikia mmemweka mtoto wa watu ndani, nikaja mbio. Msimtie mtoto maneno, hana kitu. Ni mti. Nyie watu wa kwetu mmesahau? Mninga ukikatwa unalia. Unatoa utomvu mwekundu kama damu. Ule bado unalia, haukukauka sawasawa."

"Yesu na Maria," Evarista akasema, akakaa chini.

"Na kosa si la fundi." Mzee akamgeukia Pius, akavua kofia yake. "Kosa ni langu mimi. Nilikuharakisha kwa sababu ya askofu. Kila siku nilikuja karakana kukuuliza tayari, tayari. Mti ulitaka muda, sikuupa. Nisamehe, mwanangu."

Pius aliona mlango umefunguliwa mbele yake, mpana, na mzee mwenyewe ndiye aliyeushikilia apite. Mtoto angetoka ndani. Jumatano angepanda basi. Na yeye angebaki fundi wa kanisa, aliyeharakishwa tu. Chumba chote kilikuwa kinamtazama kwa huruma.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Ni utomvu."

Hakuna aliyeshuku. Evarista alishusha pumzi. Victoria, aliyekuwa ameona aibu yake mwenyewe ya kufua rangi kwa fahari, alikwenda chumba cha ndani kwa haraka na kumtoa Agnesi, amevaa gauni jingine, khanga bado ipo kichwani, macho yamevimba. Kwa kukosa kiti, msichana alikaa juu ya sanduku la bati la shule lililokuwa ukutani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mti wa bibi yako umekuaibisha leo mbele ya watu. Namwombea msamaha, hakukusudia." Mzee alichutama mbele yake kwa taabu, magoti yakilia. "Lakini niambie. Mbona hukusema ni benchi?"

Agnesi akainama.

"Alisema si yeye," Victoria akadakia. "Benchi hakulitaja hata mara moja. Angelitaja, ningekwenda kulitazama kwa macho yangu."

"Kwa nini, mama? Ulijua?" mzee akamuuliza Agnesi.

Msichana aliinua macho, akamtazama baba yake. Hakumtazama usoni, alimtazama vidole. Na hapo ndipo maneno ya Bushiri yalipomrudia Pius: yule binti yako alinimalizia nyekundu yote. Ni yeye aliyemtuma. Ni Agnesi aliyezileta pakiti zile zimefungwa gazeti, akasimama mlangoni pa karakana akitazama sufuria inavyochemka, akauliza, "Baba, unasuka mkeka?" naye akamwambia aende zake nyumbani. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtoto alijua tangu alipogeuza shingo kanisani. Alijua wavulana walipocheka, alijua shangazi alipofua. Alikubali kuitwa mwali kwa uongo, akakataa wali, akalia kimya, ili asimtaje.

Pius akajisikia mdogo kama unga wa msumeno. Kuku alikuwa bado mkononi mwake. Akamweka chini.

"Mzee, si utomvu."

"Nini?"

"Ni rangi ya mikeka. Niliipaka mimi. Mabenchi yale si mninga." Akanyoosha vidole, kucha zikaonekana. "Ni msindano. Yote."

Evarista alimtazama mumewe kama anayemtazama mpangaji mpya ambaye hajaambiwa jina lake. Huko ukumbini wageni walikuwa bado wanacheka juu ya jambo jingine, na kuku aliyefungwa miguu alijiburura mpaka uvunguni.

Mzee Benjamini aliinuka kutoka pale alipochutama. Safari hii alikikubali kiti. Alikaa na suruali yake nyekundu, akaivaa kofia, akaivua tena. Pius alingoja matusi. Aliyataka matusi, yangemsaidia. Mzee hakuwa nayo.

"Na mti wa mama," akauliza taratibu, kama mtu aliyepotea mtaani anayeuliza njia, "uko wapi?"

Pius angeweza kusema uko Mnazi Mmoja, au uko bandarini, au umeshapanda meli. Alifumba mdomo, lakini macho hayakufumbika. Yalikwenda yenyewe ukutani, kwenye sanduku la bati jipya la bluu, na jina AGNESI PIUS aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi nyeupe, herufi moja moja. Mzee akayafuata macho yake. Evarista naye akayafuata, akaweka kiganja mdomoni.

Agnesi ndiye aliyekuwa wa mwisho kutazama. Alitazama chini, akasoma jina lake katikati ya magoti yake. Kisha akainuka juu ya sanduku taratibu, akapeleka mkono nyuma, akajipapasa gauni.